Binti wa Mukama na Mgomba wa Pombe

Nshamba, Muleba
3 Machi 2025

Mjukuu wangu Kokwijuka,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia nikiwa nimesimama katikati ya kibanja changu, na ningekuwa na kamera ningekutumia picha ulie kwa wivu. Mnyauko umepita Nshamba nzima, migomba ya watu imelala chini kama walevi baada ya harusi, lakini kwangu hakuna jani hata moja lililogeuka njano. Watu wanatoka mpaka Rubya kuja kushangaa. Bwana shamba Avit amesema atanipa cheti.

Sawa, Avit hajasema hivyo. Alichosema Avit ni kwamba mimi ni mzee mkaidi, kwa sababu nilimfukuza alipokuja kunifundisha kuchoma panga langu kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Kijana ana ndevu kama za mahindi machanga, anifundishe mimi panga! Na hayo ya jani la njano nayo yafute. Upande wa barabarani nimebaki na mashina machache, mengine nimeng'oa na kufukia. Lakini nyuma ya nyumba bado kuko kijani, na huko ndiko nilikosimama. Kwa hiyo sikudanganya sana. Nilichagua tu pa kugeuzia uso.

Barua yako ameileta Mwajuma juu ya magunia yake matupu. Zamani alikuwa akija kununua ndizi kupeleka soko la Bukoba, sasa anabeba maparachichi na kulalamika njia nzima. Ni mwanamke wa maana huyo, ingawa ana mdomo. Wewe endelea kumpa barua. Simu hapana. Kwenye simu kila mtu anasikia.

Unauliza kama uje nyumbani Pasaka. Hapana.

Unasema nyuma ya jiko la Klaudia, huyo fundi unayeshona na kuishi naye, kulikuwa na mgomba unaokufa, ukauegemea wakati unaanika nguo, na kesho yake ukakuta umesimama na kutoa jani jipya. Unauliza kama nimewahi kusikia kitu kama hicho. Bojo, mjukuu wangu, mimi nimesikia mengi, nimesikia hata Walutheri wa Klaudia wakiimba. Usiuguse tena. Usiguse mgomba wowote. Hata ndizi zilizopikwa, kula kwa kijiko. Na mtu akikuuliza jina, wewe ni Georgina kama ulivyoandikishwa shule. Hilo la Kokwijuka ni la ndani ya bahasha.

Babu yako,
Apolinary Rutashobya
Mkulima Bora (cheti kinakuja)


Bilele, Bukoba
11 Machi 2025

Babu,

Shikamoo. Nakula ndizi kwa kijiko. Klaudia ameniuliza kama nimekuwa Mzungu.

Babu, sikukutii. Jirani yetu ana mgomba mmoja tu kwenye kiwanja chake, ndio anaowapikia watoto, na ulikuwa umeanza kunyauka. Niliupitia nikiwa natoka bombani nikaweka kiganja. Niliweka tu. Nilisikia kitu kinatoka kwangu, kama unapotoa damu hospitali. Asubuhi mgomba ulikuwa mzima, jirani akapiga vigelegele, na mimi nikaangalia mkono wangu nikakuta ni wa bibi kizee. Ngozi imekunjamana mpaka kwenye kiwiko. Mikunjo mingi ilipotea baadaye. Mingine imebaki. Na mbele ya kichwa nina shungi jeupe, Klaudia amelipaka kiwi.

Halafu jana alikuja mzee mmoja pale tunaposhonea. Kofia nzuri, fimbo yenye kichwa cha shaba, viatu vya kung'aa na matope haya yote. Hakuwa na kitambaa cha kushonwa. Alimuuliza Klaudia nina umri gani na nimetoka wapi. Kisha akatoa kwenye koti jani la mgomba lililonyauka, akaliweka mezani, akaniambia, "Binti, hebu nipe hilo jani."

Nikakumbuka barua yako. Nikalishika kwa mkasi.

Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema, "Aliyekulea amekufundisha vizuri. Msalimie Rutashobya. Mwambie Kamala bado yupo."

Babu, shuleni nilisema wazazi wangu wamekufa, na kila walipoomba picha yao sikuwa nayo. Uliniambia picha zililiwa na panya. Nilikuwa mdogo nikaamini. Sasa niambie. Mimi ni nani?

Kokwijuka


Nshamba
17 Machi 2025

Kokwijuka,

Panya nao walikula kidogo.

Kaa chini, basi, na usiwe umeshika sindano. Juu ya milima hapa nyuma ya Nshamba kulikuwa na ufalme mdogo ulioitwa Bwerenge. Mdogo kabisa, ng'ombe wa mukama, mfalme wake, akikimbia kidogo yuko nje ya nchi. Serikali ilipoondoa watemi wote, mukama wa Bwerenge akakabidhi ngoma na kuanza kulima kahawa kama sisi. Lakini kuna kitu hakikukabidhiwa maana hakikuwa cha kushikika. Katika ukoo ule kila kizazi huzaliwa binti mmoja ambaye akigusa mgomba unaokufa, unaamka. Unaamka mgomba, anazeeka yeye. Wa mwisho aliitwa Kokuberwa. Nilimwona mwenyewe. Watu walipanga foleni na migomba yao kama kwenye chanjo, na hakuna aliyemwambia apumzike. Alizikwa akiwa msichana na meno yote yameng'oka.

Kokuberwa alikuwa dada wa baba yako. Baba yako ni Mwijage, mwana wa mukama. Wewe ni binti wa ukoo ule, na wewe ndiye wa kizazi hiki. Mimi si babu yako kabisa, mimi ni mlevi fulani aliyekuwa rafiki wa baba yako.

Tena si rafiki wa kupeana mkono tu. Tulikula omukago, undugu wa damu. Tunda moja la kahawa lina punje mbili ndani, unajua. Yeye akapaka damu yake kwenye punje moja nikaimeza mimi, nami nikapaka yangu kwenye ya pili akaimeza yeye. Watu wakifanya hivyo, linalompata mmoja nusu yake inampata mwenzake. Mama yako alipofariki akikuzaa, Mwijage alikuleta kwangu umefungwa kwenye kanga, akasema kaka yake Kamala anataka kurudisha kiti cha Bwerenge na kwamba bila binti mwenye mkono hakuna atakayemwita mukama. Hujaota meno, Mwijage naye akafa kwa homa. Nusu yake ilinipata hapa mguuni. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini nachechemea nikasema ng'ombe alinikanyaga. Hakuna ng'ombe aliyenikanyaga.

Sasa ujue nilivyokuficha, maana hapa ndipo mimi ni hodari. Kila mtu kwetu anajua kondo la mtoto hufukiwa chini ya mgomba. Wa kike, mgomba wa ndizi za kupika. Wa kiume, embire, mgomba wa pombe. Kwa watu wote hiyo ni heshima tu, lakini kwa binti wa ukoo ule ndiyo mizizi yake: nguvu inatoka pale na uhai umefungwa pale. Kamala na wazee wake walipita vibanja vyote wakifukua chini ya migomba ya kupika. Kwangu wakafukua hata ulio karibu na choo! Kondo lako, alilolileta Mwijage pamoja nawe, nilishalifukia chini ya embire, nikatangaza mtoto wa Mwijage alikuwa wa kiume na amekufa, na wewe nikasema ni mjukuu niliyeletewa kutoka mbali. Wakaupita mgomba wako wakapewa na rubisi, pombe ya ndizi zake, wakanywa.

Jina langu Rutashobya, asiyekosea. Baba yangu alikuwa na utani.

Usiguse mgomba. Kamala anakuhisi tu, hana uthibitisho. Ukimsimamishia mgomba hata mmoja mbele yake, hutatoka tena kwenye kiti chake mpaka uzikwe kama shangazi yako.

Wako (bado?),
Apolinary


Bilele
20 Machi 2025

Kwa Mzee Apolinary Rutashobya,

Nimepokea barua yako.

Sijui nikuite nani, kwa hiyo sitakuita. Miaka yote nimekuwa nikiombea marehemu wazazi ambao hukunipa hata majina yao. Ulikuwa unafanya mzaha, na mimi nacheka, kumbe nachekea kaburi.

Swali ni moja tu. Mwajuma amesema Avit anasema embire ndizo zinazoshambuliwa kwanza na mnyauko, kwa sababu wadudu wanapenda ua lake la kiume, na kwamba watu wa pombe wengi hawalikati. Mgomba wangu ni mzima? Jibu kwa neno moja.

Georgina


Nshamba
29 Machi 2025

Mzima.

Hilo ni neno moja kama ulivyotaka. Haya mengine ni ya bure. Mzima sana, una mkungu ambao nimeuwekea miti miwili ya kuushikilia, majani yake yamejaa mpaka kuku wanalala chini wakidhani ni jioni. Ua la kiume nilishalikata zamani, nililikata kwa kijiti chenye panda kama Avit anavyotaka, na panga nalichoma motoni asubuhi na mchana mpaka mpini umeungua. Kwa hiyo mwambie Mwajuma abebe maparachichi aache sayansi.

Niite unavyotaka. Niliwahi kuitwa mabaya zaidi, tena kanisani.

Huku si kuzuri. Kamala alikuja na kuitisha watu uwanjani. Hakusema jina lako. Alisema tu kwamba zamani Bwerenge haikuwa na njaa ya ndizi, na kwamba binti wa mukama angekuwepo vibanja vingesimama, na kwamba yupo mtu hapa Nshamba anamficha kwa uchoyo. Hakunitazama. Kila mtu akanitazama kwa niaba yake. Tangu siku hiyo nikipita dukani mazungumzo yanakatika. Jumapili kwenye benchi nimekaa peke yangu kama mtu mwenye upele.

Consolata, yule jirani wa kando yangu, kibanja chake chote kimekwisha. Jana alikuja na mtoto mgongoni, mwanawe wa mwisho, yule mwenye macho makubwa. Nikadhani anakuja kuazima chumvi. Akasema, "Mzee, ni kweli unamjua?" Nikamwambia namjua nani, mimi simjui hata mke wa padri. Hakucheka. Alisema, "Tunakula viazi tu. Mtoto anavitapika." Akakaza kanga ya mtoto. Akaondoka.

Sijui kwa nini nimekuandikia hili. Usilifikirie.

Apolinary


Bilele
12 Aprili 2025

Babu,

Nimerudi kukuita hivyo kwa sababu sina nguvu ya kutafuta jina lingine.

Mgomba mzima hauelezwi kwa ukurasa mzima. Ungekuwa mzima kweli ungeandika neno lako moja na kuomba ugoro.

Na mimi nilikuficha jambo. Mkono ulianza kabla ya barua yako. Kwanza kucha ziligeuka njano, nikadhani ni rangi ya vitambaa. Halafu kiganja. Juzi nilikuwa napindisha upindo wa sare, sindano ikanichoma kidole, na iliyotoka haikuwa damu. Ilikuwa kitu kizito cha njano, polepole, kama ule utomvu Avit anaowaonyesha watu akikata mgomba mgonjwa. Klaudia alinipeleka hospitali. Walinipima kila kitu, walikuwa wema, na hawakuona kitu. Sasa natembea nikishika ukuta. Klaudia anasali kwa sauti ili nisikie.

Kwa hiyo mimi nanyauka na wewe unaniambia kuku wanalala.

Nimefikiri hivi. Nitakuja. Niliwaza niuguse mgomba wangu mwenyewe, lakini nadhani ungekuwa umeshaniambia kama inawezekana. Basi niguse wa Consolata. Niguse wote mpaka niishe. Kama nakwenda, nisiende bure kitandani kwa Klaudia, wakati yule mtoto anatapika viazi. Kamala ajiite mukama, nitakuwa sipo kumsikia.

Mwajuma anarudi huko Jumanne. Safari ijayo nitapanda naye.

Kokwijuka


Nshamba
15 Aprili 2025

Kokwijuka,

Usije. Ngoja kwanza nikujibu kama mtu mwenye akili, ingawa nimechelewa.

Mgomba unaumwa. Uliumwa hata kabla sijaandika neno lile. Jani la katikati lilinyauka, ndizi zikaiva kwenye mkungu kabla ya wakati, na nilipokata moja ndani ilikuwa ya kahawia. Ua la kiume sikulikata. Wanywaji wote tunasema ukilikata pombe inakosa ukali. Nilikuficha mahali ambapo mtu hawezi kukutafuta, na mdudu akakupata, maana mdudu hajui wa kike wala wa kiume. Avit anakuja kila asubuhi. Anasema shina lote lazima ling'olewe, kisiki na machipukizi, la sivyo litaua kilichobaki kijijini. Simlaumu. Nalala getini na panga kumzuia, na hajui anachotaka kung'oa.

Wewe kujigusa haiwezekani, umesema kweli. Kokuberwa alijaribu. Ni kama kujibeba mgongoni mwako mwenyewe.

Lakini yapo mambo wazee wanajua, na mimi nayashughulikia. Usiniulize. Kaa hapo hapo Bilele siku hizi za Pasaka. Nimekuwekea akamwani kwenye kitambaa, kama tunavyompa mgeni yeyote anayeketi kwetu, maana nimeona nimekuandikia barua hizi zote bila kukukaribisha hata kahawa ya kutafuna. Tafuna, umeze, ulale. Tafuna leo leo.

Babu


Bilele, Ijumaa Kuu
18 Aprili 2025

Wewe mzee,

Kunilea kote huko halafu unadhani sijui akamwani! Akamwani inapikwa na majani yenye harufu, inakauka, na inaletwa na ganda lake, kiganja kizima. Haiji punje moja iliyomenywa. Na haiji na doa jekundu lililokauka upande mmoja.

Uliniandikia mwenyewe kuhusu omukago na baba. Tunda moja, punje mbili. Nimekaa na punje yako kwenye sahani tangu Mwajuma aondoke. Nimemeza mate tu. Nikimeza punje yako nami sijakupa yangu, nini kinatokea? Usinijibu, nimemuuliza mama mzee wa kwaya ya Klaudia, ambaye amezaliwa kabla ya barabara. Alifunga mlango ndipo akasema: anayetoa damu asipewe, huyabeba yote, mwenzake hachukui hata nusu. Ulitaka nibaki mzima kabisa na wewe unyauke kabisa, halafu uniandikie barua ya kuku.

Aliniambia pia kwamba omukago ni wa wanaume. Nikamwambia mimi nilifukiwa chini ya embire. Alicheka mpaka akakohoa.

Humu ndani kuna pamba. Ni damu, babu, damu hasa, nimechoma vidole kadhaa kabla ya kuipata. Ipake kwenye punje ya pili, uliyobaki nayo, na najua unayo. Mwajuma ameapa kwa Mtume kwamba atasimama mbele yako mpaka umeze. Nikisikia umemeza, nami nitameza. Tugawane. Usipokubali, naitupa yako chooni na kupanda gari la kwanza kuja kwa Consolata.

Siombi.

Kokwijuka, binti wa Mwijage


Nshamba
20 Aprili

Georgina mwanangu, mimi Mwajuma naandika mwenyewe juu ya goti, usicheke hati.

Amemeza. Kwanza alisema punje imeliwa na panya. Nikamwambia mzee, panya wako hao watakwenda motoni. Akaitoa kwenye soksi. Akaipaka damu ya kwenye pamba, akaiweka mdomoni, akatabasamu kama padri. Nikamfungua mdomo nikaangalia chini ya ulimi, ilikuwa huko. Ndipo akameza kweli, nikampa maji, nikaangalia tena. Alilia kidogo, usimwambie nimesema.

Meza na wewe. Leo leo.

Amemwita Avit. Kesho Jumatatu ya Pasaka wanaung'oa mgomba wako, anasema sasa kifo chake mtagawana.

Mwajuma


Bilele
10 Mei 2025

Babu,

Shikamoo. Hujaniandikia. Mwajuma nikimuuliza hali yako anaanza habari za maparachichi.

Nilimeza punje yako mara nilipopata barua ya Mwajuma, na nilijua saa walipokuwa wanang'oa. Nilikuwa nimekaa mlangoni, kitu kikakatika chini ya kitovu, nikaanguka. Klaudia alidhani ndiyo mwisho, akaanza wimbo. Halafu nikaomba uji.

Sasa natembea bila ukuta. Mkono wa kulia umerudi kuwa wa damu. Wa kushoto haukurudi wote: vidole viwili havisikii kitu, naweza kuvipitishia sindano. Nimesema ndiyo nusu yangu na nimeridhika nayo. Shungi jeupe limebaki, nimeacha kulipaka kiwi.

Kamala alikuja. Safari hii alikuja na gari la mizigo, na nyuma yake mgomba mzima uliong'olewa na udongo wake, unanyauka, na wazee wawili wa kushuhudia. Waliushusha katikati ya njia, watu wote wa Bilele wakatoka kuangalia. Akaniambia, "Mwanangu, hakuna haja ya mkasi leo. Shika tu." Sauti yake ilikuwa ya upole, babu, na nilimwona anafanana na mtu, kisha nikagundua anafanana na mimi.

Nikashika. Mikono yote miwili. Nikasubiri kile kitu kinachotoka. Nilitaka kitoke. Nitakuambia wewe peke yako: nilimfikiria yule mtoto wa Consolata na nikakiomba kitoke hata Kamala akiwa pale. Jani moja likaanguka. Basi.

Alinitazama mkono, akaugeuza huku na huku kama mtu anayekagua chupa akidhani kuna kilichobaki. Kisha akauachia. Wakapanda gari, mgomba wakauacha njiani, Klaudia na mimi ndio tuliouburuta kwenda kuuchoma.

Kwa hiyo mimi ni mshona nguo. Hakuna binti wa mukama tena, hakuna wa kufichwa, na Nshamba hakuna atakayekuja kuwasimamishia migomba. Nashona nikifikiri hilo. Siku nyingine nashukuru, siku nyingine naona aibu kukutana na jua.

Naweza kuja nyumbani sasa? Niambie pia wewe nusu yako imekupata wapi. Mguu ule ule?

Kokwijuka


Nshamba
26 Mei 2025

Mjukuu wangu Kokwijuka,

Naandika nimelala, kwa hiyo mistari ikipanda mlima uisamehe. Avit ananishikia karatasi. Ndiyo, yule yule mwenye ndevu za mahindi. Anakuja kila siku na uji. Nimemwambia anachoma hata kijiko motoni kabla ya kuninywesha, akacheka, ana cheko zuri kumbe. Amepata miche safi, na Consolata amepanda ya kwanza. Itachukua msimu mrefu kabla hajapika. Yule mtoto ameanza kukubali viazi vikitiwa maziwa kidogo. Ng'ombe wangu anakamuliwa na Consolata sasa, nilimpa, usinune.

Usione aibu na jua. Kokuberwa aliwasimamishia migomba yote, na watu wale wale wakapata njaa mwaka uliofuata, na yeye hayupo. Angebaki angekuwa bibi wa mtu, anagombana na wakwe. Wewe shona. Ukigombana na wakwe nitafurahi huko niliko.

Umeuliza nusu yangu imenipata wapi. Nimefikiria nikudanganye, nikaona Mwajuma atakuambia. Imenipata pote. Nusu ya kifo kwa mtu wa umri wako ni vidole viwili. Na mimi nilikuwa na nusu nyingine tayari, ile ya baba yako, imekaa mguuni miaka yote ikingoja mwenzake. Nusu ya Mwijage na nusu yako. Niliishia darasa la nne, lakini hesabu hiyo naijua.

Usianze. Nakuona umeanza. Kama ningeyabeba yote nilivyotaka, ningekufa siku ile ile, na nisingesoma barua yako ya habari za Kamala na chupa yake. Uliniongezea wiki hizi kwa ukaidi. Nimezitumia vizuri, nimesengenya kila mtu. Kwenye benchi kanisani wamerudi kukaa nami, yaani walikaa, nilipokuwa naweza kukaa. Hakuna aliyeomba radhi, ila Consolata alinipigia pasi kanzu yangu ya Jumapili, na mimi sikuuliza ya nini.

Njoo nyumbani. Njoo na Mwajuma, na ukinikuta sawa, usiponikuta usimpigie Avit kelele, anajitahidi. Klaudia naye aje na kwaya yake. Nimeshapoteza nguvu ya kupinga.

Kuna kitu kimoja nakudai. Sijakudai chochote tangu ulipoletwa kwenye kanga, kwa hiyo usijifanye husikii. Mimi nilikupandia mgomba. Nawe nipandie mmoja, hapo nyuma ya nyumba, kichwani pa kaburi langu. Mche uchukue kwa Avit, uwe safi. Uwe embire, mimi wa kupika sitaki, nitafanya nao nini. Na ukitoa ua la kiume, chukua kijiti chenye panda, ulivunje mapema. Pombe ikikosa ukali nitavumilia.

Babu yako,
Apolinary Rutashobya